Barua ya Wazi: Pampu Kifuani Isiwe Sababu ya Kukataa Viungo Vyetu

Kwa:
Viongozi wa Mamlaka ya Uchangiaji na Upandikizaji wa Viungo,
Wakurugenzi wa hospitali zinazoweka pampu za moyo,
Wakuu wa vyumba vya wagonjwa mahututi.

YAH: KUKATALIWA KWA VIUNGO VYA WAGONJWA WENYE PAMPU ZA MOYO

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni mmoja wa wagonjwa mnaowajua kwa faili zao. Moyo wangu ulidhoofika, nikawekewa pampu kifuani, na kwa pampu hiyo leo nina nguvu za kuandika. Ninalotaka ni moja. Siku nitakapokufa, figo zangu, ini langu, mapafu yangu na konea za macho yangu (utando angavu wa mbele ya jicho) vipimwe kama vinavyopimwa vya mtu mwingine yeyote, na vitakavyoonekana vinafaa vipewe wanaovihitaji.

Nililiuliza jambo hili kliniki, nikaambiwa niende ofisi ya uchangiaji. Ofisi ya uchangiaji ikanirudisha kliniki. Nikaandika barua pande zote mbili. Upande mmoja ulinijulisha kwamba barua imepokelewa, wa pili umekaa kimya hadi leo. Nimechoka kuzungushwa, ndiyo maana sasa nasema hadharani.

Lingekuwa langu peke yangu ningeendelea kusubiri. Lakini mwenzangu tuliyezoea kukaa naye benchi moja kliniki, naye akiwa na pampu, alipata kiharusi cha kuvuja damu kichwani na hakuamka tena. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wake anachotaka. Mkewe alipomweleza daktari wa zamu kwamba marehemu alisema vichukuliwe vinavyofaa, alijibiwa kwa sentensi moja: wenye pampu hawachangii. Hakuna kipimo kilichofanyika na hakuna mratibu wa upandikizaji aliyeitwa. Mama yule hadi leo anajiuliza mumewe alikuwa na ugonjwa gani mwingine uliofichwa, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye akamweleza sababu.

Barua hii itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kuiona pampu hii, kwa hiyo nieleze kidogo. Hushonewa kwenye ncha ya moyo upande wa kushoto, ule unaosukuma damu mwili mzima. Huvuta damu kutoka chumba cha chini cha kushoto na kuipeleka kwa mrija kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Waya hutoka kwenye pampu, hupita chini ya ngozi ya tumbo, hutokeza nje na kuunganishwa na kidhibiti kinachovaliwa kiunoni pamoja na betri mbili. Usiku wengi wetu hulala tukiwa tumeunganishwa na umeme wa ukutani. Pampu za siku hizi hazipigi kama moyo. Huzunguka mfululizo, maelfu ya mizunguko kwa dakika, na damu hutiririka bila kukatika. Muuguzi akinishika kifundo cha mkono huenda asisikie mapigo kabisa, na mashine ya kawaida ya kupima shinikizo la damu mara nyingi hushindwa kusoma. Akiweka stethoskopu kifuani husikia mvumo. Mtu yuko mzima, anazungumza, na mapigo hayasikiki. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo chanzo cha nusu ya matatizo nitakayoyaeleza.

Pampu hizi zimekwisha kutoka kwenye hatua ya majaribio. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao REMATCH, uliohusisha wagonjwa 129 ambao hali zao hazikuruhusu wapandikizwe moyo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai, na kati ya waliotegemea dawa peke yake ni asilimia 25. Pampu zimeboreshwa sana tangu wakati huo. Katika utafiti wa MOMENTUM 3, asilimia 58 ya waliowekewa pampu iitwayo HeartMate 3 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Tunaongezeka, na tunaishi muda mrefu. Tutakufa pia, na baadhi yetu tutakufa kwa kiharusi, ndani ya hospitali, tukiwa kwenye mashine ya kupumulia. Watu walio wengi hawafi katika hali hiyo, na kwa sababu hiyo hata wakitaka kuchangia figo au ini baada ya kufa hawawezi. Sisi tunaweza, ila tunaondolewa kwenye orodha kabla hatujaangaliwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnakataa bila kupima.

Moyo wangu haufai kupewa mtu, na hilo halina ubishi. Lakini sababu ya kuukataa moyo imegeuzwa kuwa sababu ya kuukataa mwili mzima. Figo hupimwa kwa kreatinini, yaani taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, na kwa kiasi cha mkojo, na daktari akiwa na shaka hukata kipande kidogo kikaangaliwa kwa hadubini. Ini lina vipimo vyake, na mapafu vyake. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoshindikana kwa sababu kifuani kuna pampu.

Nakubali kabisa kwamba wapo wenzangu ambao viungo vyao havitafaa. Pampu husaidia upande wa kushoto tu. Upande wa kulia wa moyo ukishindwa, damu hurudi nyuma na kulijaza ini hadi likavimba na kuharibika. Kuna wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimekwisha kabla hata ya upasuaji. Lakini kuna wengine wengi ambao figo zao hupata nafuu baada ya pampu kuwekwa, kwa kuwa hatimaye zinafikiwa na damu ya kutosha. Watu wa makundi haya hawawezi kutenganishwa kwa kusoma neno "pampu" kwenye jalada la faili. Hutenganishwa kwa kupima mtu mmoja mmoja, na kwa kila mtu, kiungo kimoja kimoja.

Mnataja pia maambukizi pale waya unapotokeza tumboni. Ni kweli kidonda kile hututesa, na wengine wetu hukisafisha kila siku kwa miaka. Lakini maambukizi yaliyo kwenye ngozi si sawa na vijidudu vilivyosambaa kwenye damu, na kipimo cha kuotesha damu kwenye maabara hutofautisha mambo hayo mawili. Hata mtu asiye na pampu akifa akiwa na vijidudu kwenye damu, madaktari wa upandikizaji huuliza ni vijidudu gani, vinasikia dawa ipi, na ametibiwa kwa muda gani, ndipo waamue. Kwa nini kwetu swali hilo haliulizwi? Dawa za kuzuia damu kuganda nazo zimefanywa kikwazo, ilhali kila hospitali yenye warfarini inajua jinsi ya kuipunguza nguvu: kuna vitamini K, na kuna dawa za kurudisha vigandisha damu zinazofanya kazi ndani ya dakika chache. Hao hao madaktari huzitumia kwetu tunapovuja damu tukiwa hai.

Wala si jambo ambalo halijawahi kufanyika. Majarida ya kitabibu yamechapisha taarifa za wagonjwa waliokufa wakiwa na pampu za moyo, na figo na maini yao yakapandikizwa kwa watu wengine yakafanya kazi. Mnazo maktaba na mnao wataalamu wa kuzisoma.

Historia ya upandikizaji imejaa watu waliokataliwa kisha wakakubaliwa. Kulikuwa na wakati ambapo mchangiaji mwenye homa ya ini aina ya C hakufikiriwa kabisa, na leo, kwa kuwa dawa za kuitibu zipo, viungo vyake hupandikizwa. Mwaka 2008, Cape Town, Dkt. Elmi Muller na wenzake walianza kupandikiza figo za wachangiaji wenye virusi vya UKIMWI kwa wagonjwa wenye virusi hivyo hivyo, wakati ambapo figo hizo zingezikwa na wagonjwa hao wasingepewa nafasi ya kusafishwa damu. Hakuna aliyewaambia "zipandikizwe tu bila kujali". Walipima, wakachagua, wakafuatilia, wakachapisha matokeo. Nami siombi zaidi ya hapo.

2. Mnasema kifo chetu hakiwezi kuthibitishwa.

Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana hili ndilo jibu ninalokutana nalo kila ninapouliza, na ndilo linalowatisha hata ndugu zetu. Inasemwa kwamba mtu asiye na mapigo akiwa hai hawezi kuthibitishwa kuwa amekufa, kwa hiyo kumgusa ni hatari. Hofu hiyo naiheshimu. Hakuna anayetaka kifo chake kithibitishwe kuliko mimi.

Lakini kifo cha ubongo hakithibitishwi kwa kushika mapigo. Tangu kamati ya Harvard ilipotoa vigezo vyake mwaka 1968, msingi umekuwa ni kuuliza ubongo wenyewe. Mboni za macho zinaitikia mwanga? Jicho linapepesa likiguswa? Kichwa kikigeuzwa, au maji baridi yakitiwa sikioni, macho yanasogea? Mgonjwa anakohoa mrija ukisukumwa kooni? Anaitikia maumivu? Kisha linakuja jaribio la kupumua: mashine ya kupumulia huondolewa huku oksijeni ikiendelea kutolewa, kabonidioksidi huachwa ipande hadi angalau milimita 60 za zebaki, na madaktari hutazama kama kifua kitajaribu kuvuta hewa. Pampu ya moyo haizuii hata hatua moja. Inaweza hata kulirahisisha jaribio la mwisho, kwa kuwa husaidia damu iendelee kuzunguka.

Yanayohitaji uangalifu zaidi kwetu ni machache, nayo yanajulikana. Shinikizo la damu lipimwe kwa mrija mdogo ndani ya mshipa wa ateri na lisomwe kwa wastani wake, kwa kuwa shinikizo la juu na la chini kwetu hukaribiana. Mwili uwe na joto linalotakiwa na dawa za usingizi ziwe zimekwisha mwilini, kama kwa mtu yeyote. Na pale kinapohitajika kipimo cha ziada, kisichaguliwe bila kufikiri. Ultrasaundi ya mishipa ya kichwani hutafuta umbo la mawimbi ya mapigo, na kwa mtu ambaye damu yake haina mapigo inaweza kupotosha. Mashine ya picha ya sumaku (MRI) haiwezi kutumika kwa mwenye pampu. Miongoni mwa vipimo vinavyobaki ni hivi viwili: picha ya mishipa ya ubongo kwa rangi inayopitishwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa, na picha ya mtiririko wa damu ya ubongo kwa dawa yenye mionzi. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi nyingi walitoa mwongozo wa pamoja, World Brain Death Project, wenye sehemu inayohusu hata wagonjwa walio kwenye ECMO, yaani mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili. Kama kifo cha mtu aliye kwenye ECMO kinaweza kuthibitishwa kwa utaratibu ulioandikwa, changu kinashindikanaje?

Njia ya pili ya kuthibitisha kifo ni ya mtu ambaye ubongo wake haujafa wote lakini tiba imekwisha kukubaliwa kuwa haina faida, na uamuzi umefikiwa wa kuondoa mashine. Kwa mgonjwa wa kawaida huondolewa mashine ya kupumulia, moyo ukasimama, kisha madaktari wakasubiri bila kumgusa. Nchi nyingi husubiri dakika 5, na Italia husubiri 20. Kwetu, kuondoa mashine maana yake ni kuizima pampu pia, na hapo utaratibu lazima uwe wazi kuliko mahali pengine popote. Pampu ikiendelea kuzunguka, damu inaweza kuendelea kusukumwa hata kama moyo umesimama. Pampu ikizimwa, moyo dhaifu unaweza kuendelea kujikongoja wenyewe kwa muda. Kwa hiyo saa isianze kuhesabiwa kwa kuzima swichi. Ianze kuhesabiwa pale mrija wa ateri unapoonyesha kwamba hakuna mapigo wala shinikizo la mzunguko, na ultrasaundi ya moyo inapoonyesha kwamba vali ya aota haifunguki tena. Ni mambo ya dakika, ya vifaa ambavyo vyumba vya wagonjwa mahututi tayari vinavyo. Kinachokosekana ni karatasi yenye utaratibu huo na sahihi yenu chini yake.

Na niseme lililo moyoni mwa wagonjwa wengi. Tunaogopa kwamba tukikubali kuchangia, kuna atakayefanya haraka kutuzimia. Ndiyo maana kanuni elekezi za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zinasema daktari anayethibitisha kifo asihusike moja kwa moja na kutoa viungo wala kuvipandikiza. Iandikeni kanuni hiyo kwa ajili yetu kwa jina: kwamba uamuzi wa kuzima pampu hufanywa kwanza, peke yake, na timu ya moyo pamoja na familia, na kwamba mratibu wa upandikizaji haingii chumbani hadi uamuzi huo uwe umefikiwa. Wapo pia wagonjwa wenye pampu walio macho na akili timamu ambao huomba wenyewe pampu izimwe, baada ya kuchoka na mateso yasiyotibika. Hao wanahitaji kinga kubwa zaidi, na dawa za kuwaondolea maumivu na hofu. Sitaki kuwasemea, ila wasisahaulike utaratibu utakapoandikwa.

3. Wahudumu wa zamu hawajaandaliwa.

Mtu mwenye pampu huweza kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi ambacho wahudumu wake hawajawahi kuishika pampu hiyo. Kengele inalia, hakuna anayejua maana yake. Ubongo ukifa, mishipa ya damu hulegea na mwili hupoteza maji mengi kwa mkojo. Pampu ikikosa damu ya kutosha ndani ya chumba cha moyo hunyonya kuta zake na kutoa ishara za hatari. Muuguzi aliyefundishwa huongeza maji mwilini, hutoa vasopresini, dawa inayobana mishipa na kupunguza mkojo, humwita mratibu wa pampu aangalie kasi. Asiyefundishwa hubaki kuangalia figo zikikosa damu saa baada ya saa, na mwishowe mpimaji akija anasema hazifai. Hapo tena kosa halikuwa la figo.

Chumba cha upasuaji nacho kina mambo yake. Mrija unaopeleka damu kwenye aota hupita nyuma tu ya mfupa wa kifua, na msumeno wa daktari asiyejua unaweza kuukata. Moyo wenyewe umegandamana na tishu za kovu kwa sababu ya upasuaji wa kwanza. Waya unapita tumboni, njia ile ile ambayo wapasuaji wa ini na figo hufungulia. Pampu lazima iendelee kuzunguka kwa betri kutoka kitandani hadi kwenye meza, na isizimwe mpaka aota ibanwe na maji baridi ya kuhifadhi viungo yaanze kupita. Daktari aliyeiweka pampu, au aliyezoea kuziweka, anapaswa kuwa chumbani, au angalau kwenye simu. Simu hiyo moja ni gharama gani kwa hospitali?

4. Hatuulizwi mapema.

Kabla ya kuwekewa pampu tulisaini karatasi nyingi. Tulielezwa kuhusu kiharusi, kuvuja damu tumboni, maambukizi, pampu kuziba. Tulifundishwa kubadili betri tukiwa tumefumba macho. Hakuna aliyetuuliza tungetaka nini siku pampu itakaposhindwa kutuokoa, wala kama tungependa kuchangia. Nchini Marekani, tangu 2013, bima ya afya ya serikali inataka timu inayoweka pampu za kudumu iwe na mtaalamu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kwa sababu hiyo hasa: mazungumzo ya mwisho wa maisha yaanze mgonjwa akiwa na sauti yake. Huko ndiko swali la kuchangia linakostahili kuulizwa, kwa upole, na mtu ambaye tumemzoea, miezi au miaka kabla halijahitajika. Likiachwa liulizwe usiku wa kifo, kwa mke au mtoto ambaye hajalala siku kadhaa, jibu litakuwa lolote lile isipokuwa la marehemu.

5. Hakuna kumbukumbu.

Anapokataliwa mmoja wetu, hakuna anayeandika ni nani aliyekataa wala kwa sababu gani. Kwa hiyo hata leo mkiulizwa ni wangapi walikuwa tayari kuchangia na wakarudishwa, hamtakuwa na cha kuonyesha.

Waheshimiwa, najua mtakavyojibu, kwa kuwa vipande vya majibu hayo nimekwisha kuvisikia koridoni.

Mtasema tuko wachache, haifai kuandika utaratibu mzima kwa ajili ya watu wachache. Mchangiaji mmoja huweza kutoa figo mbili na ini, watu watatu, mbali na wawili wa konea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba upandikizaji wote unaofanyika duniani hautimizi hata asilimia 10 ya mahitaji. Marekani peke yake ina zaidi ya watu 100,000 kwenye orodha ya kusubiri, na wengi wao wanasubiri figo. Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hawezi kuelewa hesabu inayosema figo mbili nzuri ni chache mno kushughulikiwa. Hispania, iliyofikia zaidi ya wachangiaji 48 kwa kila watu milioni moja mwaka 2023, haikufika pale kwa kungoja wachangiaji vijana wasio na kasoro. Iliweka waratibu ndani ya hospitali, wengi wao wakiwa madaktari wa wagonjwa mahututi, na kazi yao ni kuhakikisha hakuna anayeweza kuchangia anayepitwa. Zaidi ya nusu ya wachangiaji wao wana zaidi ya miaka 60.

Mtasema vituo vya upandikizaji vinaogopa kuharibu takwimu zao kwa kupokea viungo vyenye mashaka. Hofu hiyo ni ya kweli na siwalaumu wapasuaji. Dawa yake ni kumwambia mpokeaji ukweli: kiungo hiki kimetoka kwa mtu wa namna hii, vipimo vyake ni hivi, unakubali au unasubiri? Mtu mzima anayekufa kwa kukosa ini ana haki ya kulijibu swali hilo mwenyewe. Na kama takwimu ndizo zinazozuia, basi ninyi mnaozikusanya mnaweza kuweka matokeo ya viungo hivyo katika hesabu ya peke yake.

Mtasema pia kwamba mnatulinda sisi na familia zetu. Nawashukuru kwa nia hiyo. Lakini familia ya mwenzangu haikulindwa na lolote. Ilinyimwa jambo pekee ambalo marehemu aliliomba.

Ninachowaomba ni hiki, na nakiandika kwa utaratibu ili msije mkasema hakikueleweka.

Kwanza, toeni waraka unaosema wazi kwamba kuwa na pampu ya moyo, peke yake, si sababu ya kumkatalia mtu kuchangia, na kwamba kila kifo chetu hospitalini kiarifiwe kwa mratibu wa upandikizaji kama vinavyoarifiwa vingine. Akikataa baada ya kupima, nitakubali kaburini.

Pili, andikeni utaratibu wa kuthibitisha kifo cha mwenye pampu, kwa njia zote mbili nilizozieleza, mkiwashirikisha madaktari wa moyo, wa ubongo, wa wagonjwa mahututi, na angalau mgonjwa mmoja aliye hai na pampu. Na hospitali inayoweka pampu iwe na namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana, ambayo chumba chochote cha wagonjwa mahututi kinaweza kuipiga.

Tatu, swali la kuchangia liingizwe katika mazungumzo ya kabla ya kuwekewa pampu, na jibu liwekwe kwenye faili mahali ambapo daktari wa zamu ataliona. Ruhusuni pia libadilishwe wakati wowote, maana mtu ana haki ya kubadili mawazo.

Nne, kila anayekataliwa aandikiwe sababu ya kitabibu, na familia ielezwe kwa mdomo na mtu mwenye cheo cha kutosha kujibu maswali yao. Mjane niliyemtaja anastahili maelezo hayo sasa, hata kama amechelewa kuyapata.

Konea zinaweza kuanza hata kesho. Huchukuliwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, hazihitaji mzunguko wa damu, na hakuna hoja hata moja kati ya mnazozitoa inayozigusa. Kama waraka utachukua miezi, basi anzeni na macho yetu.

Nimeambatisha nakala ya ridhaa yangu, iliyosainiwa mbele ya mashahidi, na watoto wangu wanayo nakala yao. Naomba iwekwe kwenye faili langu, na naomba majibu yenu kwa maandishi yakieleza ni lipi mtalifanya, nani atalisimamia, na kuanzia lini.

Wenu kwa heshima,

Mgonjwa anayeishi na pampu ya moyo

Nakala:
Kamati za maadili ya tiba za hospitali husika
Vyama vya wagonjwa wa moyo, figo na ini